Mpuliza Filimbi Mvivu wa Kinu cha Zohali

Castelfosco, 19 Februari 1973

Mdogo wangu Iole (hilo jina la Sista Klementina waachie watawa wenzako, mimi nilikuwepo ulipobatizwa, na ulimtapikia padre),

Salamu zikufikie zikiwa bado na joto, maana najua huko monasterini moto mnauhesabu pamoja na dhambi. Sisi wazima. Binti yangu Fedora bado ananipikia supu bila chumvi, nami natia chumvi akigeuka. Nguruwe tulimchinja Januari, soseji zimetoka vizuri, nakutumia moja. Mwambie Mama Mkuu asiipeleke kwa maskini. Maskini ni mimi.

Sasa la leo. Jumamosi nilikwenda Bologna kwenye muziki wa vijana. Usicheke. Mjukuu wangu Mirka alikuwa na tiketi mbili, rafiki yake akaugua machubwichubwi, na Fedora, mama yake, akakataa binti aendeshe kigari chake usiku peke yake. Basi wakanitia ndani kama gunia la viazi, niwe mlinzi.

Bendi inaitwa Kinu cha Zohali. Usiniulize kwa nini. Wapo wanaume watano wenye nywele kukushinda wewe kabla hawajakunyoa. Wa kinanda amejizungushia vinanda vitatu, anaviendea kwa zamu kama mama wa mapacha watatu. Wimbo mmoja ulianza nikiwa nimeshiba, ukaisha nina njaa. Lakini katikati ya wimbo huo wote wakanyamaza, akabaki kijana mmoja mwembamba mwenye joho la zambarau na filimbi. Iole! Ukumbi mzima hakuna aliyekohoa. Ile filimbi ilipanda, ikasita, ikapanda tena, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi ya taa. Nilikunja kofia yangu mpaka ikaharibika.

Halafu mdundo wao unahesabiwa mapigo saba, si nane. Mirka alidhani nitashangaa, lakini kuhesabu ndiyo kazi yangu. Kijana wa kiti cha pili akaniuliza, "Babu, wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia: kwetu wanaume wanne wanasimama juu ya maboriti ndani ya mnara wa kanisa, kila mmoja na kengele yake iliyo nzito kuliko fahali, wanaizungusha nzima nzima kwa mikono na miguu. Mimi nasimama chini yao, naita ipi ipite na lini. Wanajibu "tayari," naita. Nikiita vibaya, kengele inampitia mtu. Kijana akasema, "Aisee babu, hiyo ndiyo rock yenyewe."

Nina kadi ya Chama cha Kikomunisti na paroko hanisalimii, lakini siku hiyo nilijiona askofu.

Kaka yako,
Nerio


Monasteri ya Mtakatifu Klara, Urbania, 2 Machi 1973

Kaka Nerio,

Amani iwe nyumbani kwako, hata kama hukuiomba. Soseji imefika na imekwenda kwa maskini, wakasema imezidi pilipili. Tu wazima sote, ila Sista Eufemia ambaye amefika miaka tisini na anakataa kufa kabla ya paka.

Nimefurahi kuhusu filimbi. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, kisha nikaungama.

Fedora ameniandikia. Anasema ukiulizwa saa, unajibu kuhusu mvua. Anasema redio yako inasikika mpaka kwenye duka la mikate. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu: masikio hayajambo?

Jumatano Kwaresima inaanza, na unajua desturi yetu: barua zote zinafungiwa kwenye kabati la Mama Mkuu mpaka Pasaka. Kwa hiyo usiandike. Ukiandika, andika ya kweli, maana nitazisoma zote kwa mkupuo mmoja.

Nakuombea, upende usipende,
Klementina


Castelfosco, 18 Machi 1973

Mpendwa Kabati,

Hujambo? Mbao zako hazijambo? Mpe salamu mdogo wangu ukifunguliwa, umwambie mwandiko wake umekuwa mzuri ghafla, umenyooka kama wa msichana wa shule. Labda kujiandaa kwa mfungo kulimfaa.

Fedora hajambo. Kuku wawili wamekufa, mmoja kwa ugonjwa na mmoja kwa Jumapili.

Nimekwenda tena. Ferrara safari hii. Mirka ameapa kuifuata ziara yote ya Kinu cha Zohali, nami ndiye mlinzi rasmi. Nilimuuliza, "Kwa nini urudie kitu ulichokwisha kukisikia?" Akanijibu, "Babu, wewe umepiga kengele zilezile tangu vita, umezichoka?" Mtoto ana mdomo wa bibi yake, Mungu kama yupo amrehemu.

Na kweli, nyimbo ni zilezile, kwa mpangilio uleule, kama misa. Lakini wale wapenzi wao wanakaa baada ya onyesho wanabishana: jana ngoma ilichelewa kuingia, leo kinanda kimeongeza mapambo. Nikaona, kumbe nimefika kwa watu wangu. Hawa ni wapiga kengele waliokosa mnara.

Filimbi tu ndiyo ilikuwa nyembamba jana. Dari la Ferrara ni la chini. Watu wa Ferrara hawajui kujenga kitu isipokuwa ngome ya kujifichia.

Nerio


Castelfosco, 9 Aprili 1973

Kabati mpenzi,

Sisi wazima, supu bado haina chumvi.

Modena. Nilikula mkate wenye soseji ya mortadella mlangoni, nikaketi mbele, karibu na spika kubwa kama kabati la nguo (samahani kwa kukutaja). Ngoma zilinipiga kifuani vizuri sana. Kinanda kilitetemesha meno yangu, na yale ya bandia pia. Halafu ikafika katikati. Kijana akainua filimbi, akafumba macho, vidole vikacheza, mashavu yakajaa. Hakuna kitu. Hewa tu! Watu wakapiga makofi mpaka kiti changu kikatikisika. Makofi ya nini? Mtu amekunja mdomo na kulipwa!

Unanijua. Nilikwenda nyuma ambako vijana wanapakia masanduku kwenye lori. Nikamkuta amekaa juu ya sanduku anakula chungwa. Jina lake Fulvio. Nikamwambia, "Wewe. Bologna ulipuliza kama malaika. Leo umeigiza. Watu wametoka mbali, wengine wana vibarua asubuhi. Huoni haya?"

Akamtazama Mirka. Mirka akatazama viatu vyake. Halafu Fulvio akasimama, akanisogelea sikioni, akasema kwa nguvu, "Samahani, babu. Nilichoka. Nitajirekebisha."

Umeona? Hakuna mtu tena anayewaambia vijana ukweli. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na Mirka hakusema neno njia nzima, nadhani alikuwa na usingizi.

Nerio


Castelfosco, 24 Aprili 1973

Iole,

Pasaka njema. Kabati limefunguliwa, najua.

Tulipiga Jumamosi Kuu, watu walisifu. Ivano wa kengele ya pili alipotewa na kisigino cha kiatu, kengele ilikipitia. Alikuwa mahali pasipo pake. Nimemkaripia. Hakuna zaidi.

Mikate ya Pasaka ya Fedora ilikuwa migumu kama kawaida.

N.


Urbania, 3 Mei 1973

Kaka yangu,

Kristo amefufuka, na Sista Eufemia bado yupo, na paka pia.

Nimesoma barua zako zote alasiri moja, moja baada ya nyingine, kama watu wako wanavyolinganisha maonyesho. Februari filimbi ilinyamazisha ukumbi mzima. Machi ilikuwa nyembamba, kosa la dari. Aprili haikuwepo, kosa la mpulizaji. Kisha ya mwisho, mistari michache, nawe hujawahi kuniandikia mistari michache tangu nilipoingia hapa. Hata ulipofiwa uliandika kurasa.

Nerio, yule kijana hakuchoka. Alikuhurumia. Na Mirka hakuwa na usingizi.

Nimemwandikia Fedora nikamuuliza kuhusu kisigino. Anasema mjini wote wanajua: Ivano alikuwa anajaribu kuvuta mguu uliokwama, akapiga kelele "Ngoja!" mara mbili. Wewe ukaita.

Kengele ya pili ina uzito gani? Sikuulizi ili unijibu. Najua unajua.

Waambie wenzako kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Wewe mwenyewe uwaambie.

Klementina


Castelfosco, 21 Mei 1973

Sista Klementina (leo unastahili jina hilo),

Hatujambo. Matunda ya cheri yameiva. Fedora ana mafua, na hilo nalo muulize kwa barua, kwa kuwa naona sasa mna shirika la upelelezi.

Ivano alisema "Tayari." Nilimsikia. Au niliona mdomo. Ni kitu kimoja. Mtu akiwaita wanaume wale miaka yote hii anaujua mwili wao; hahitaji sikio, anajua kama unavyojua ngazi za nyumbani bila taa.

Nimeiacha barua hii mezani siku tatu. Sasa naendelea.

Nilikwenda Rimini. Sikwenda kwa ajili ya Mirka, yeye ana watu wake sasa. Nilikwenda kujipima. Mahali pengine popote unaweza kusema mtu ananong'ona, redio mbovu, upepo umebadilika. Lakini hawa kila usiku wanapiga yaleyale. Nilichokisikia Bologna kipo Rimini. Kama sikukipata, basi waliopungukiwa si wao.

Ilipofika katikati nikafumba macho, nikangoja. Nikangoja. Halafu nikahisi kitu mgongoni. Mirka ametoka kwa wenzake, amekaa nyuma yangu, ananipigia filimbi ile mgongoni kwa vidole. Inapanda, inasita, inapanda. Sikugeuka. Kama ningegeuka ningemtukana, na tumbili yule hakustahili.

Basi. Sasa unajua. Niache mpaka Mtakatifu Yohane. Niite mara moja ya mwisho, tarehe ishirini na nne Juni, mbele ya mji wote, kisha nitasema nina maumivu ya magoti na nitashuka kwa heshima. Magoti kila mtu anayakubali. Kiziwi anachekwa.

Kama ni kuniandikia "hapana", usiandike kabisa.

Nerio


Urbania, 5 Juni 1973

Nerio,

Hapana.

Hapa hatujambo. Mabinti wawili wameingia unovisi, mmoja analia, mmoja anaimba puani.

Ulisema mwandiko wangu umekuwa mzuri. Huyu ni Sista Benedetta anayeandika, mimi nasema yeye anaandika, na anajua kufunga mdomo. Vidole vyangu vimejikunja tangu Noeli. Kinanda cha kanisa, kazi yangu ya miaka yote, sijakigusa tangu Epifania, mwanzo wa Januari. Sikukuambia kwa sababu ungenitania, kisha usiku ungelia, nami sikutaka lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo usiniambie sijui ninachokuomba.

Nilipokosea mimi, noti ilikwenda upande, masista wakatazamana, basi. Ukikosea wewe, kuna mke wa Ivano.

Nakupa mpaka tarehe kumi na saba. Baada ya hapo namwandikia Gino, kwani ndiye mkubwa wa kengele ile kubwa na ndiye mwenye akili kati yenu. Sitanii. Mama Mkuu ameshanipa stempu.

Klementina


Urbania, 20 Juni 1973

Kaka,

Sijapata jibu. Sijamwandikia Gino. Nilishika stempu siku tatu. Nifanye nini? Andika chochote, hata tusi.

K.


Castelfosco, 2 Julai 1973

Iole wangu,

Tusi lenyewe nililitunza lakini limepoa. Tu wazima wote, Ivano akiwemo, na miguu yake yote miwili. Nimeanza na hilo ili upumue.

Habari za vidole vyako nilizisoma nimesimama mlangoni mbele ya mtu wa posta, nikamwambia macho yanauma kwa vumbi. Alisema kitu. Sijui alisema nini, na kwa mara ya kwanza nilimwambia: sema tena, sisikii. Akaona aibu yeye. Nilishangaa.

Sasa nikupe kwa mpangilio.

Tarehe kumi Kinu cha Zohali walimaliza ziara yao Ravenna. Nilikwenda, lakini si kwa ajili ya muziki. Nilikuwa na la kwangu. Baada ya onyesho nikamfuata Fulvio kwenye lori. Nikamwambia, "Niambie. Modena ulipuliza au hukupuliza?" Akaanza kumtazama Mirka. Nikamwambia, "Usimtazame huyo. Mimi ndiye niliyekutukana, nitazame mimi." Akafungua mdomo mkubwa, polepole, nione kila neno: "Nilipuliza, babu. Kila usiku nilipuliza."

Nikamwomba radhi. Akanipa mkono. Mkono mlaini kama wa padre, lakini akaubana.

Kesho yake nikaenda baa. Gino, Ivano na wale wawili walikuwa wanacheza karata, divai mezani. Niliingia kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nikasema, "Jamani, mimi ni kiziwi. Siwezi kuita."

Unadhani walisimama? Gino akatazama karata zake, akaangusha turufu, akasomba za wenzake. Kisha akanielekezea uso.

"Tunajua, Nerio."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu kisigino."

"Na mmekuwa mkipiga vipi? Mei yote, mwezi wa Maria, tumepiga! Nimeita!"

Gino akagusa paji la uso wake. "Kwa kichwa changu. Nikiinamisha, wanapita. Wewe uko chini, huoni."

Iole, nilikaa. Nikauliza, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nawapigia kelele tu?"

Ivano, yule mpumbavu mwenye roho nzuri, akasema, "Kelele nzuri lakini, mzee. Tumezizoea."

Nilipindua meza. Sikuipindua yote, ilikuwa nzito, lakini divai ilimwagika. Nilikuja kuwapa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo, nikakuta walishakichukua kimyakimya na wakanifunika shuka. Nilikasirika nao, nikakasirika na wewe, na Fulvio, na Mirka, na dunia nzima yenye huruma. Ndiyo maana hukupata barua. Sikuongea na mtu. Fedora alianza kutia chumvi kwenye supu kwa hofu.

Siku ya Mtakatifu Yohane nikaapa nitalala mpaka jioni. Lakini kitanda kilianza kutikisika kabla ya misa. Kengele kubwa hiyo, inapitia ardhini, inapanda miguu ya kitanda. Nikavaa shati, nikatoka.

Nikaketi kwenye benchi ya mawe uwanjani, chini ya mnara. Hebu fikiri: tangu nikiwa kijana, kila kengele zile zilipolia sikukuu, mimi nilikuwa ndani. Sijawahi hata siku moja kukaa nje, mahali mji unapokaa. Kutoka hapo mnara ni mfupi. Nilidhani ni mrefu zaidi.

Nilipata ile kubwa matakoni na ya pili kidogo magotini. Zile ndogo mbili sikuzipata, nikawa najihesabia mwenyewe: sasa, sasa, sasa. Nikawaona kwenye dirisha la juu, kichwa cha Gino kinainama. Anaita vizuri, mshenzi.

Akaja kukaa nami Argia, yule mjane wa muuza mikate, unamkumbuka, mlikuwa mkigombania utepe shuleni. Sasa kila mtu anajua kuhusu sikio langu, kwa hiyo alinishika kidevu kabisa, akanigeuza, akanipigia kelele usoni:

"Wanapiga vizuri leo!"

"Kama kawaida!" nikasema.

"Hapana. Kawaida ile ndogo kabisa inachelewa. Leo haichelewi."

"Inachelewa? Ile ndogo? Tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa."

Niliita kengele ile ndogo mimi, Iole. Mimi mwenyewe, kila sikukuu, Argia akiwa na watoto, Argia akiwa na wajukuu. Nilisikia kama popo wakati huo.

"Mwanamke wewe, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama anayetazama mkate uliokataa kuumuka.

"Ungesikia?"

Mdogo wangu, nilicheka mpaka watu waliokuwa wakiingia misani wakageuka, na paroko akanisalimia kwa bahati mbaya.

Jioni nilipanda mnarani, polepole, nikamweleza Gino aliyosema Argia. Akasema atamwambia huyo wa kengele ndogo aendelee hivyohivyo. Nikakaa nao tukala mortadella juu ya maboriti, na Ivano alinisimulia hadithi ndefu sana ambayo sikuipata hata neno moja, ila alikuwa anaipenda sana, nikamwacha aimalize.

Fulvio ametuma kadi kwa Mirka. Fedora analalamika eti kijana anavaa joho. Nimemwambia ana mkono wa kubana.

Sasa na wewe. Umekaa kwenye kinanda hicho miaka yako yote, mgongo kwa watu. Nenda Jumapili ukakae kiti cha mwisho kabisa kanisani, pale wanapokaa wenye kikohozi. Umsikilize huyo anayepiga sasa. Akichelewa mahali, mwambie siku hiyohiyo, Iole. Usimhurumie.

Kaka yako kiziwi,
Nerio